Mtoto Aliyeachwa Nyuma ya Mlango

Jelagat hajawahi kuniambia ana watoto wangapi, na tumeishi nyumba moja hapa Temple Hills miaka mitatu. Simlaumu. Mimi pia, katika wanangu anamjua Shiku peke yake, kwa sababu Shiku analala chumba cha pili na redio yake na kujibu salamu zetu kwa Kiingereza. Wale wengine wako Murang'a na hawamhusu mtu. Kwetu, na kwao Nandi pia, mtu mzima haulizwi idadi ya watoto wake kama anavyoulizwa idadi ya kuku. Ukiulizwa unasema "wapo," unamwongezea mgeni chai, na mgeni aliyelelewa vizuri anaelewa.

Shida ni kwamba Marekani wanauliza, halafu wanachukua kalamu.

Jelagat alikuja kutoka Kapsabet mwaka wa tisini na sita, kwa ile bahati nasibu ya viza. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea kama amechelewa hata akiwa wa kwanza kufika. Kule nyumbani alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akisonga ugali wa wasichana mia tatu kwa mwiko unaomfika kifuani, na mikono hiyo hiyo ndiyo inayowageuza wazee wa Kimarekani kitandani bila kuwaumiza. Mumewe alikuwa amekufa. Watoto aliwaacha kwa mama yake, na tangu siku aliyofika hakuwa na jambo jingine kichwani ila kuwaleta. Hakununua koti la maana. Hakununua kitanda. Alilala kwenye godoro sakafuni miaka yote mitatu, akisema vitanda atavinunua siku moja, vyote pamoja, wakija.

Sasa sikia kosa lenyewe, maana bila hilo hutaelewa mengine.

Kule Nairobi, kwenye fomu ya viza, palikuwa na mstari unaouliza watoto ni wangapi na majina yao. Jelagat aliijaza akiwa kwenye foleni, karatasi juu ya goti, na nyuma yake alikaa mwanamume asiyemjua, akisoma juu ya bega lake bila haya. Bibi yake alikuwa amemfundisha tangu utotoni: mgeni akikulazimisha kutaja idadi, mmoja mwache nyuma ya mlango. Usiwatoe wote uani. Jicho baya likija, likute hesabu yenye pengo, lipotee njia. Na anayeachwa si yule usiyempenda. Ni yule unayemwogopea kuliko wote.

Jelagat alimwogopea Kipkemboi. Huyo alizaliwa baada ya mtoto aliyekufa, akaugua kifua mpaka alipoanza shule, akabebwa zahanati usiku na mchana hadi nesi akamzoea kama wake. Basi Jelagat akaandika wanne, Kipkemboi akamwacha nyuma ya mlango, akashusha pumzi. Wanne na mmoja. Jumlisha wewe, mimi simo.

Lakini serikali haijui habari ya nyuma ya mlango. Mwaka huu wa tisini na tisa karatasi za watoto zilipoanza kutembea, wanne wakaitwa mahojiano Nairobi, mwezi wa kumi na moja. Kipkemboi hakuitwa. Kwa serikali, huyo hakuwahi kuzaliwa.

Jumamosi moja Kipkemboi akapiga simu kutoka posta ya Kapsabet, akakata, Jelagat akampigia kwa kadi. Jelagat aliweka simu mbali kidogo na sikio, kwa hiyo nilimsikia.

"Mama, kaka Kiprotich anasema wao wanakuja, mimi nabaki na ng'ombe. Ni kweli?"

"Kiprotich ana mdomo," Jelagat akasema.

"Lakini ni kweli?"

Miaka kumi na mitatu, sauti ndiyo inaanza kuvunjika. Jelagat akamwambia kadi ya simu inaisha. Haikuwa inaisha. Nilimnunulia mimi mwenyewe asubuhi ile.

Kanisani kwetu Landover kuna mama anayesaidia watu na karatasi. Akamwambia Jelagat: tuma cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na ulete barua ya kiapo ya mtu wa heshima anayekufahamu, aeleze kwa nini mtoto aliachwa. Bila maelezo watadhani unaingiza mtoto wa mtu mwingine. Na iwe mkononi mwangu kabla mwezi wa kumi haujaisha.

Cheti kilikuwepo. Mtu wa heshima ndiye aliyekosekana. Mchungaji alikuwa mgeni, hata majina yetu alikuwa akiyachanganya. Ajensi ya kutunza wazee iliyomwajiri haikufaa, maana huko nako aliandika wanne, ili karatasi zifanane.

Wakati huo alikuwa na zamu ya mchana Bowie, kwa mzee mmoja aitwaye Tolliver. Miaka themanini na moja, mweusi kama sisi lakini Mmarekani mpaka kwenye kikohozi. Nyumba ya vyumba vinne, gereji, nyasi zimenyolewa na mtu wa kulipwa, na ndani yake mtu mmoja na chuma chake cha kutembelea. Mtaa mzima ni hivyo hivyo. Ukitembea kwa miguu watu wanachungulia dirishani kuona umeharibikiwa na gari gani. Alhamisi, Jelagat akipumzika, zamu nilishika mimi. Ndiyo maana mengi ninayosimulia niliyaona. Na mjue kwamba huko tulizungumza Kiingereza. Kiswahili hiki ni changu.

Mzee huyo alifanya kazi miaka thelathini na miwili katika ofisi ya sensa, kule Suitland. Kazi yake ilikuwa kuhesabu watu. Siku niliyoambiwa hivyo niliacha kupiga pasi.

"Umetoka Kapsabet kote huko kuja kuosha mgongo wa mtu anayehesabu watu?"

"Mgongo ni mgongo," Jelagat akasema.

"Ameshakuuliza?"

"Kila siku."

"Na wewe?"

"Leo nimemwambia wananitosha. Jana nilimwambia Mungu anajua. Juzi nilimuuliza kama anataka uji."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu wa ofisi haulizi swali moja mara thelathini kwa sababu ya usahaulifu, na mzee yule hakuwa msahaulifu. Alikumbuka idadi ya watu wa kaunti ambazo sijawahi kuzisikia. Tena alikuwa na kijitabu cha jalada jeusi. Jelagat akijibu, alikifungua akaandika. Alhamisi moja akiwa amelala kitini nilikitafuta. Alikuwa amekikalia.

Niseme pia kwa nini watu wa kuhesabu watu siwaamini. Kule Murang'a, mimi nikiwa na mimba ya Shiku, zahanati yetu ilibandikwa picha mbili ukutani. Picha ya kwanza, baba, mama na watoto wawili. Walikuwa na redio, viatu na ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi. Picha ya pili, watoto wengi. Hao hawakuwa na hata kiti. Akaja bwana na gari la mradi, akatueleza kwamba dunia inajaa na wanaoijaza ni sisi, tulioketi pale kwenye benchi. Nikamsikiliza. Leo niko kwao, na kazi walizonazo za kutupa ni kuwageuza wazee wao, kwa sababu watoto wao wawili wako mbali na redio zao. Anayewageuza ni nani? Ni Jelagat, ambaye kwao alizaliwa wa mwisho, na sitasema wa ngapi, lakini yule bwana wa mradi angeanguka kwenye benchi.

Basi ikafika ile wiki ya mwezi wa kumi magazeti yalipotangaza kwamba watu duniani wametimia bilioni sita. Alhamisi hiyo nilifika Bowie mapema, na Jelagat, aliyekuwa amelala huko kwa sababu mtu wa zamu ya usiku hakutokea, alikuwa bado hajaondoka. Mzee yuko mezani, gazeti limetandazwa juu ya kifungua kinywa chake.

"Bilioni sita, Jelagat," akasema, akiligonga kwa kidole. "Nilipoanza kazi hatukufika tatu. Dunia imejaa."

"Imejaa wapi, Mzee?" Jelagat alikuwa akimfunga vifungo vya shati. "Hapa? Vyumba vinne, na vitatu navifungulia madirisha mimi visinuke ukungu."

"Nimesema dunia, sikusema nyumba yangu."

"Kwani dunia si nyumba za watu?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Maji, Jelagat. Chakula. Miti. Hesabu haidanganyi."

"Haidanganyi, lakini haijawahi kumfunga mtu vifungo."

Mimi nikaona nisipitwe. Gazeti lile Shiku alikuwa amenisomea kurasa za ndani. "Mzee, geuza ukurasa. Huko ndani si wanalia kwamba kuna nchi wazee wamekuwa wengi kuliko wajukuu? Mbele mnalia tumezidi, ndani mnalia tumepungua. Tuzae au tusizae? Mtuambie mapema, miezi tisa si michache."

"Yote mawili ni kweli," Mzee akasema.

Jibu hilo halikunipendeza hata kidogo. Mtu anayekwambia yote mawili ni kweli ana la tatu amelificha.

Na hapo ndipo Jelagat alipotoa kitambaa mfukoni amfute mzee kinywa, na pamoja na kitambaa ikatoka picha. Ilikuwa imefika kwa posta juzi yake: watoto wamesimama mbele ya zizi, sweta za shule, wamekaza nyuso kama wanaapishwa. Ikaanguka magotini mwa mzee, uso juu.

Aliitazama. Midomo yake ikatembea polepole, mara tano. Niliiona ikitembea.

"Ajensi waliniambia wanne," akasema.

Jelagat akanyoosha mkono aichukue, mzee akaishika.

"Huyu wa pembeni mwenye sweta kubwa ni nani?"

"Wa jirani," nikasema haraka.

Mzee akainua macho. "Wa jirani, na pua ya Jelagat?"

Nilijaribu kumwonya Jelagat kwa macho, lakini alishavuta kiti. Nadhani alikuwa amechoka kuwa na siri hiyo peke yake. Akamweleza yote: bibi yake, foleni, yule mwanamume aliyesoma begani, mtoto aliyekufa, mlango, mahojiano ya mwezi wa kumi na moja. Akamwambia na ile simu ya posta. Mzee hakusema pole. Alitoa kijitabu.

"Alizaliwa tarehe ngapi?"

Jelagat akamtajia.

"Tamka jina polepole, herufi moja moja."

Akatamka.

"Nipe siku chache," mzee akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Nilimsindikiza Jelagat hadi kituo cha basi, nikamkamata mkono. "Umemaliza. Umejifunga mwenyewe. Tarehe, jina, herufi moja moja! Ulitaka umwongezee na alama ya kidole?"

"Alikuwa ameshaona picha."

"Picha haisemi. Wewe ndiye uliyesema."

Jumatano iliyofuata Jelagat alirudi na bahasha. Ilikuwa nene, imefungwa, juu ya mdomo wake karatasi nyekundu yenye muhuri wa kiapo, kazi ya jirani wa mzee, mfanyakazi wa benki mwenye ruhusa ya kuthibitisha viapo. Mzee alikuwa ameandika siku tano, kwa mkono, na mkono wake unatetemeka kiasi kwamba kijiko kinafika kinywani nusu tupu. Alimwambia hivi: mpelekee mama wa karatasi. Usiifungue.

"Usiifungue," nikarudia.

"Ndivyo alivyosema."

"Na humo kuna nini?"

"Sijui. Alisema ni ya kusaidia."

Nikamweleza Jelagat habari ya darasa la tano. Mwalimu aliniita, akanipa bahasha iliyofungwa, akasema mpelekee baba, usiifungue, msichana mzuri. Nikaibeba kilomita nne nikiwa na furaha kwamba nimeaminiwa. Nilikuwa nimebeba fimbo zangu mwenyewe. Tangu siku ile, barua inayonihusu ambayo nakatazwa kuiona, najua inasema nini.

Jelagat alikaa nayo siku tatu. Aliiweka chini ya godoro, akaitoa, akaiweka juu ya friji, akaiondoa. Mama wa karatasi angekuwa kanisani Jumapili. Jumapili ikafika, mama akawepo, akamuuliza, na Jelagat, mwanamke asiyeweza kudanganya mtoto wa chekechea, akasema barua bado.

Baada ya ibada tulirudi nyumbani na Peterson. Huyu anaegesha magari katika hoteli moja mjini, alifika kidato cha sita, na ndiye msomaji wetu wa barua za serikali. Anasoma vizuri, ila anasoma kama hakimu. Jikoni tukamkuta Marie-Thérèse, wa chumba cha mbele, Mkongo wa Uvira, anakaanga ndizi. Birika lilikuwa likichemka. Kuweka bahasha juu ya mvuke ni wazo langu, nalisema mapema msije mkamlaumu mwingine. Gundi ililegea vizuri. Ule muhuri mwekundu haukulegea, ulichanika katikati.

"Muhuri ukichanika barua haina kazi," Peterson akasema.

"Kama ni ya kumshtaki, afadhali isiwe na kazi. Soma."

Peterson akavaa miwani, akashika ukurasa wa kwanza, akatufasiria sentensi moja baada ya nyingine.

"Mimi, fulani Tolliver, mkazi wa Bowie, naapa kwamba haya ni kweli. Bi Jelagat ana watoto watano. Katika fomu ya mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na sita aliandika wanne. Hesabu hiyo haikuwa sahihi. Hakukosea wala hakusahau. Mtoto wa tatu, mvulana, alimwacha nje ya hesabu kwa kujua..."

"Sikusema?" nikasema. "Sikusema mimi?"

Jelagat alimpokonya ile karatasi. Akaipasua mara mbili, akaiunganisha, akaipasua tena, kwa ile mikono ya mwiko. Mtadhani ni hofu ya kushtakiwa. Nilimwona uso. Ni lile neno "watano", lililotamkwa kwa sauti jikoni, mbele ya watu watatu na birika, na tena limeandikwa kwa wino na mtu asiye wa ukoo.

"Mmemaliza?" Peterson akauliza. Bado alikuwa na karatasi mkononi. "Kuna ukurasa wa pili."

Akausoma.

"Nimehesabu watu miaka thelathini na miwili. Nimebisha milango nikaambiwa watoto wawili, na viatu mlangoni ni vya watatu. Katika kazi yetu anayeachwa nje mara nyingi kuliko wote ni mtoto, na mara nyingi si kwa sababu hatakiwi. Mama huyu hakumficha mwanawe ili adanganye serikali yoyote. Alimficha kwa desturi ya kwao, kwa sababu alishazika mmoja na aliogopa kumpoteza huyu. Mtu anayeingiza mtoto wa wengine huongeza hesabu, hapunguzi. Nimeiona picha. Ana pua ya mama yake. Naomba mtoto huyu ahesabiwe."

Ndizi zikaungua. Marie-Thérèse akaziondoa motoni, akageuka na mwiko wake.

"We Jelagat, unaogopa namba?" akasema. "Mimi kule mu camp, tulipokimbia vita, walikuwa banatuhesabu kila siku ya chakula. Mwenye hayuko mu liste, hakuli. Nilikuwa naita batoto bangu na sauti, moya, mbili, tatu, mpaka jirani anakasirika. Kuna mama mmoja alificha wake, ju ya mambo kama yenu haya. Walikula sahani moja nyumba mzima."

"Kwenu ni kwenu," Jelagat akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Na hapa ni kwa nani?" Marie-Thérèse akamuuliza, akarudi kwenye ndizi zake.

Jelagat akaokota vipande sakafuni, kimoja kimoja, akaviweka ndani ya bahasha yenye muhuri uliochanika. Tarehe ilikuwa ishirini na nne. Zilibaki siku saba mwezi uishe.

Jumatatu nilikwenda naye Bowie, siku isiyo yangu. Mdomo wangu ndio ulioanzisha, haikufaa mdomo huo ubaki umelala Temple Hills. Mzee alikuwa mezani na bakuli la uji. Jelagat akamwaga vile vipande pembeni mwa bakuli.

"Mzee, nimeipasua."

Mzee alivitazama. Akaanza kuvipanga kwa kidole, kipande hiki hapa, kile pale, kidole kinatetemeka na vipande vinakimbia. Vilipokaribia kuwa karatasi akaacha.

"Mlisoma ukurasa wa kwanza tu?"

"Wa kwanza kabla ya kupasua," Jelagat akasema. "Wa pili baadaye."

Akanigeukia mimi. "Na wewe ulidhani namshtaki."

"Ndiyo," nikasema. Sikuona haja ya kuremba maneno. "Unauliza mno, Mzee. Kila siku swali moja, halafu unaandika. Kama huna nia mbaya, ulikuwa ukiuliza kwa nini?"

Akafikiri. "Miaka thelathini na miwili nilibisha mlango wa mtu, nikauliza ni wangapi wanaoishi humu. Sijui swali jingine la kumsalimia mtu nalo." Akafungua kile kijitabu cheusi, akanisukumia. "Soma."

Nilisoma nilivyoweza. Tarehe, na mbele ya kila tarehe jibu la Jelagat. Wananitosha. Mungu anajua. Unataka uji? Kurasa na kurasa. Hakukuwa na kingine.

Jelagat alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akauliza ghafla, kama mtu anayerudisha kofi, "Na wewe Mzee, una wangapi?"

Haijawahi kutokea mtu akamuuliza, nadhani. Alishika kijiko, akakiweka.

"Mmoja," akasema. "Yuko Seattle. Ana mbwa wawili." Akakigeuza kile kijiko. "Watoto walikuwa wawili. Wa pili hakumaliza mwaka. Kwenye fomu naandika mmoja, ndiyo sahihi, wanahesabiwa walio hai. Lakini kila nikiandika, mkono unasita."

"Sasa si unaona," Jelagat akasema.

"Naona."

Akavuta karatasi mpya. Hakutulaumu, na siku tano za kazi zilikuwa zimelala pale kando ya uji. "Naandika upya. Lakini safari hii sihesabu kutoka kwenye picha. Wewe ndiye utakayenitajia."

Jelagat akaenda kufunga mlango wa jikoni. Wa mbele ulikuwa umefungwa tayari, lakini akaenda kuujaribu pia. Akarudi akakaa.

"Nitataja majina," akasema. "Sitahesabu."

"Kuhesabu niachie mimi. Kama kuna ubaya, unijie mimi. Nina miaka themanini na moja, utanikuta nimekaa."

"Kiprotich," Jelagat akasema.

Mzee akachora mstari mmoja wa kusimama. Ulipinda, lakini ulisimama.

"Jemeli."

Wa pili.

"Jerop. Kibiwott."

Mistari minne, imesimama sambamba kama wale watoto mbele ya zizi. Jelagat akautazama mlango. Mzee hakumharakisha. Kalamu ilibaki juu ya karatasi ikitetemeka. Nilitaka amtaje, na nilitaka asimtaje. Mambo ya nyumbani hayakutoki kwa sababu umepanda ndege.

"Kipkemboi," akasema. Alilisema kama anamwita kutoka nyuma ya nyumba.

Mzee hakuchora mstari wa kusimama. Aliulaza, kutoka kona hii hadi kona ile, ukapita juu ya wale wanne wote na kuwafunga kama kamba kwenye mzigo wa kuni. Ndivyo walivyokuwa wakihesabu, akasema, kabla ya mashine. Wa tano ndiye anayewashika wengine.

Siku hiyo aliandika mpaka saa kumi jioni, Jelagat akimshikia karatasi isiteleze. Jirani alitoka benki akapiga muhuri. Alhamisi mama wa karatasi akaipata, haijaguswa na birika la mtu.

Mahojiano ya wanne yakapita, na ya Kipkemboi hatukusikia neno. Jelagat alilala kwenye godoro lake. Mzee aliendelea kusoma magazeti na kutangaza kwamba dunia imejaa, na Jelagat kuendelea kumuuliza ni chumba kipi, na mimi kuendelea kutomwamini mtu anayesema yote mawili ni kweli. Barua ni barua, sijasema nimeolewa naye.

Wiki moja kabla ya Krismasi bahasha ikaja. Jelagat aliifungulia pale pale kwenye masanduku ya barua, chini ya ngazi, koti halijavuliwa. Nilimwona anasoma, anarudi juu, anasoma tena, halafu anaegemea ukuta. Nikamfikia mbio.

"Yumo?"

Akanionyesha. Karatasi ilikuwa na orodha ya majina ya wanaopewa viza. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa akishuka na nguo zake za kufua, akachungulia kwa urafiki, kama wanavyochungulia. Na kabla sijamaliza kusoma, Jelagat akaweka kidole gumba juu ya mstari wenye jina la Kipkemboi, akaufunika.